Mizizi ndani ya bomba la choo: kuipata ilipo, kuikata, na kuifungia njia isirudi

Choo kimezibuliwa mwezi wa tatu, mwezi wa saba kimejaa tena. Fundi anakuja, anasukuma fimbo, maji yanaondoka, analipwa. Kabla ya Krismasi mnampigia simu tena. Mzibo wa nepi, kitambaa au mfuko wa nailoni ukitolewa umetoka, hauna sababu ya kurudi. Mzibo unaorudi kila baada ya miezi kadhaa, tena mahali palepale, karibu kila mara una mti nyuma yake.

Maelezo haya ni ya mfumo ambao nyumba nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya kwetu zinautumia: bomba la plastiki la inchi nne kutoka chooni, chemba (shimo dogo la ukaguzi lenye mfuniko) moja au zaidi njiani, septiki, kisha shimo la kufyonza maji. Aliyeunganishwa na bomba kuu la maji taka la mamlaka ya maji atafanya kazi ileile hadi kwenye chemba ya mwisho ya kiwanja chake. Kuanzia hapo na kuendelea si mali yake, asichimbe, atoe taarifa.

Mzizi hautoboi bomba zima

Watu husema mwarobaini "umetoboa" bomba. Haukutoboa. Ncha ya mzizi ni laini, haina uwezo wa kupita kwenye plastiki nzima wala kwenye bomba la udongo lisilo na ufa. Kinachotokea ni kwamba kiungo kinavuja. Udongo unaokizunguka unakaa na unyevu hata kiangazi, wakati pembeni kote ni pakavu, na mizizi inaongezeka kule ambako inapata maji. Ikifika kwenye kiungo inatafuta upenyo, na upenyo wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele.

Ndani imekuta neema. Bomba la maji safi limejaa maji muda wote, halina hewa, na kiungo chake kimekazwa kuhimili presha. Bomba la choo lina maji kidogo chini, hewa juu, na mbolea inayopita kila siku. Uzi mmoja uliopenya unagawanyika kuwa mamia ya nyuzi zinazoning'inia kutoka juu ya bomba kama brashi. Karatasi zinanasa hapo, mafuta ya jikoni yanaganda juu yake, na siku moja njia inafunga. Wakati huohuo, sehemu ya mzizi iliyobaki nje inanenepa mwaka hadi mwaka na kukipanua kiungo kama kabari. Ndiyo maana bomba lililoachwa miaka mitano halina mzibo tu, limepasuka.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Kukata mizizi kunafungua choo wiki hii. Kuziba uvujaji ndiko kunakomaliza tatizo. Anayefanya la kwanza bila la pili anajipangia miadi na fundi.

Mahali pa kushuku kwanza, kwa mpangilio wa jinsi tunavyopakuta pabovu:

- Bomba linapoingia kwenye ukuta wa chemba au wa septiki. Saruji haishiki plastiki laini. Ikikauka inaacha mwanya mwembamba kuzunguka bomba lote.
- Kiungo kilichotengenezwa kwa kuchoma bomba kwenye moto wa karatasi au nyasi ili litanuke na kumeza jingine, kwa nia ya kuokoa bei ya soketi (kiungo cha dukani cha kuunganishia mabomba mawili). Ukuta wa bomba unakuwa mwembamba upande mmoja, mdomo unakuwa yai badala ya duara, na gundi haijazi nafasi.
- Mabomba ya zamani ya udongo uliochomwa, ya zege au ya asbesto, yaliyounganishwa kwa saruji kila baada ya kipande kifupi. Saruji ile imeshapasuka.
- Bomba lililolazwa juu ya jiwe, au linalokanyagwa na gari likiwa na udongo kiduchu juu yake.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, viungo vinavutwa na kuachia hata kama fundi alifanya kazi nzuri. Hapo tumia viungo vyenye pete ya mpira, vinavyoruhusu bomba kucheza kidogo. Gundi haisamehe huko.

Hakikisha ni mizizi kabla hujalipia mashine

Dalili za mapema hazina kelele. Maji ya choo yanashuka taratibu, kisha yanabubujika. Ukiflashi, tundu la maji la bafuni linapumua au linarudisha maji. Nje, kipande cha nyasi kinakaa kijani Januari wakati kwingine kumekauka, au ardhi inadidimia kidogo juu ya njia ya bomba.

Sasa fungua chemba, ukianzia iliyo karibu na nyumba. Kaa upande upepo unakotoka, usiinamishe kichwa ndani, usiwashe sigara wala kiberiti. Mfuniko wa septiki ni hatari zaidi. Gesi ya mle inaua mtu ndani ya dakika chache, na anayeingia kumwokoa naye anafia humohumo. Hakuna kazi yoyote katika maelezo haya inayotaka mtu aingie kwenye septiki.

Soma chemba hivi. Ya kwanza ni kavu ilhali choo kimejaa: mzibo uko kati ya choo na chemba hiyo. Ya kwanza imejaa na ya pili ni kavu: mzibo uko katikati yao. Zote zimejaa hadi septiki: inawezekana hakuna mzizi wowote, shimo la kufyonza limeshiba, unahitaji gari la kunyonya maji taka. Wako wanaokodisha mashine ya kuzibua kumbe shimo limejaa. Kufungua mifuniko mitatu kungewaokolea hela hiyo.

Ukishajua kipande chenye tatizo, sukuma fimbo za kuzibulia kutoka chemba ya chini, ile kavu, kuelekea juu. Ni rahisi kuona unachofanya, na uchafu ukiachia unakuja upande wako badala ya kusukumwa mbele. Usisimame mbele ya mdomo wa bomba. Fimbo inapokwama, sikiliza mkono. Mizizi inadunda kama sponji, inakurudisha nyuma. Karatasi na mafuta huachia ghafla. Bomba lililovunjika au jiwe hugonga kwa ukavu.

Zungusha skrubu ya mbele mara kadhaa kuelekea kulia, vuta, uone imeleta nini. Suuza kwenye ndoo. Nyuzi za mopu na nywele hazina matawi. Mzizi unagawanyika, na ukiukata kwa kucha una ganda la kahawia linalobanduka na uzi mweupe mgumu katikati. Ukiwa na huo mkononi, mjadala umekwisha.

Kabla hujaitoa fimbo, funga kitambaa juu yake pale inapoingilia mdomo wa bomba. Ukiitoa, ilaze juu ya ardhi kufuata njia ya bomba, kitambaa kikiwa sawa na ukuta wa chemba. Ncha ya fimbo inakuonyesha mahali pa kuchimba. Piga mambo (kigingi) hapo. Tazama ni mti gani ulio karibu, lakini usiuhukumu kwa ukaribu peke yake, maana mizizi ya mfikusi mkubwa au mkaratusi inaweza kutoka kwa jirani, ikapita chini ya ukuta wenu.

Maji yakishaondoka kuna kipimo kingine cha bure. Mtu mmoja aangazie tochi kwenye mdomo wa bomba katika chemba ya juu. Wa pili ashike kioo kidogo kwa pembe ndani ya chemba ya chini. Bomba lililonyooka na safi linaonyesha duara kamili la mwanga. Ukiona nusu ya chini imekatwa na maji, bomba limelala au limezama mahali fulani. Ukiona mwanga umechujwa kama kwenye pazia, hiyo ndiyo mizizi. Kamera ya bomba inafaa pale ambapo kuchimba ni ghali: chini ya vigae, chini ya zege la kuegeshea magari, au bomba lenye kona kabla ya chemba.

Kuikata

Valia glavu ndefu za mpira, gambuti, miwani na barakoa. Kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A vyote vinasafiri kwenye maji haya. Weka sabuni na ndoo ya maji safi pembeni kabla ya kuanza, si baada. Waambie wa nyumbani wasiflashi wala kuoga mpaka waruhusiwe, na ufunge koki ya maji ya choo, kwa sababu watasahau.

Fimbo za mkono zinatosha kwa nyuzi changa. Sheria yake ni moja: zungusha kulia tu, unaposukuma na unapovuta. Ukizungusha kushoto zinafunguka ndani ya bomba, na sasa una mzizi na fimbo tatu.

Kwa mizizi iliyokomaa unahitaji mashine yenye waya wa springi unaozunguka na visu mbele, au mashine ya maji ya presha kubwa yenye kichwa cha kukatia mizizi. Kwa bomba la plastiki jembamba au la udongo lililochoka, tunapendelea maji. Kisu cha chuma kikinasa kwenye kiungo kilichopinda kinaweza kulivunja bomba. Ukitumia visu, usianze na kikubwa. Katika bomba la inchi nne pita kwanza na cha inchi mbili ili maji yapate njia, kisha cha inchi tatu, mwisho kile kinachokaribia upana wa bomba. Kila ukihisi kinakwama, rudisha nyuma, acha kizunguke hewani, halafu songa tena kidogokidogo.

Jambo linalosahaulika: mizizi iliyokatwa inakwenda wapi? Ukiiacha iondoke na maji itakwama kwenye tii (kiungo cha umbo la T) ya kuingilia septiki, na mzibo umehama tu. Kunja kipande cha wavu wa kuku, ukibane kwenye mdomo wa kutokea wa chemba ya chini kabla ya kukata. Zoa kinachojikusanya kwa koleo, kitie kwenye mfuko, kifukie mbali na kisima. Kisha utoe wavu. Andika mkononi kama ni lazima, kwa sababu wavu ulioachwa utaziba kabla ya mizizi kurudi.

Mwaga ndoo kumi hivi za maji kwa nguvu kutoka chemba ya juu, rudia kipimo cha kioo. Mzizi uliokatwa huchipua matawi mengi zaidi, kama ua lililopogolewa, kwa hiyo muda ulionao kabla haujajaa tena ni miezi, mara chache mwaka au zaidi. Utumie kupanga ukarabati.

Vitu vya kumwaga

Ushauri wa mtaani unaanza na mrututu (kopa salfeti). Mrututu unaua mizizi, ni kweli, ile unayoigusa. Lakini unapita sehemu ya chini ndani ya bomba pamoja na maji wakati mizizi imening'inia juu. Unachokifikia kwa uhakika ni bakteria wa septiki wanaosaga uchafu wako, na mwishowe maji ya ardhini ambayo huenda jirani anayavuta kwa kisima. Kwenye nyumba yenye septiki, usiutumie. Chumvi ya magunia inaharibu udongo na kula nondo za zege. Tindikali ya betri, dizeli na oili chafu ni sumu tupu, na hakuna hata kimoja kinachoziba kiungo. Soda kali (kostiki) ya kuzibulia sinki inayeyusha mafuta, mzizi hauijali. Zaidi ya hapo, ukimwaga dawa kali kisha ukamwita fundi bila kumwambia, ukisukuma fimbo pamoja naye itawarukia machoni.

Kuchimba na kubadilisha kipande

Kwa ukarabati wa sehemu moja andaa: kipande cha bomba la inchi nne cha mita moja na nusu, soketi mbili za kuteleza (zisizo na kizuizi katikati), kopo dogo la gundi ya PVC, msasa, tupa, msumeno wa chuma, pimamaji ya mita moja, na mchanga safi toroli tano au sita. Kabla ya kununua, kata kipande kidogo cha bomba lililopo ukaende nacho dukani. Kuna "inchi nne" yenye kipenyo cha nje cha milimita 110 na kuna ya milimita 114, na hazishikani. Tofauti hiyo ya milimita nne ndiyo iliyomfanya fundi wa mwanzo awashe moto.

Chimba shimo la urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, upana wa sentimita 50 au 60, huku mambo uliyopiga ikiwa katikati. Ukikaribia bomba weka sululu chini, tumia mikono na koleo dogo. Rundika udongo angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Kina kikizidi mita moja na robo, au hata kabla ya hapo kwenye mchanga wa pwani ambao huporomoka bila kuaga, weka mbao pande zote mbili na uzibane kwa magogo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hapumui.

Utaiona mizizi kabla hujaliona bomba. Imelizunguka kiungo kama kiota. Ikate kwa msumeno mkali, usiirarue kwa sululu. Kidonda safi kinapona, kilichochanika kinaoza na ugonjwa unapanda hadi kwenye mti. Mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono ufikirie mara mbili, na tutarudi kwenye hilo.

Kata bomba sentimita 30 kupita pale mizizi inapoishia, kila upande. Ingiza kidole chenye glavu ndani ya ncha zote mbili. Ukigusa hata uzi, ongeza. Kama bomba ni la asbesto, lilowanishe muda wote wa kukata na usitumie mashine ya kukatia, vumbi lake halitoki mapafuni. Na kama ni bomba la zamani lenye viungo vingi, ukweli ni kwamba kubadilisha mita moja ni kumsogeza mgonjwa kitanda. Mizizi itahamia kiungo kinachofuata. Badilisha mstari wote kutoka chemba hadi chemba.

Baada ya hapo:

1. Ondoa udongo uliolegea chini, tandaza mchanga wa sentimita 10, ushindilie. Bomba lilale juu yake kwa urefu wote, lisielee juu ya matofali mawili kama daraja.

2. Pima mteremko. Sentimita mbili na nusu kwa kila mita ndiyo ya kulenga. Funga kipande cha mbao chenye unene huo kwa utepe chini ya ncha moja ya pimamaji ya mita moja, ncha hiyo iwe upande wa chini wa bomba. Povu likikaa katikati, mteremko ni sawa. Hakikisha hakuna mahali bomba linapozama. Maji yakisimama, uchafu unakaa.

3. Kata kipande kipya kiwe kifupi kwa milimita tano hadi kumi kuliko nafasi iliyopo. Piga tupa ncha zote nne, ndani na nje, kisha msasa na kitambaa kikavu.

4. Pima nusu ya urefu wa soketi, uweke alama kwa kalamu kwenye mabomba ya zamani na kwenye kipande kipya. Telezesha soketi zote mbili kikavu juu ya kipande kipya, ukiweke mahali pake, ujaribu kuzirudisha hadi kwenye alama. Zikikataa zikiwa kavu, zikiwa na gundi zitakataa zaidi.

5. Paka gundi nyembamba, iliyoenea pote, kwenye ncha za mabomba, kisha sukuma soketi bila kusita hadi alama, ukizungusha kidogo. Fanya moja kwanza, ishike nusu dakika, ndiyo uende ya pili. Gundi haingoji. Soketi iliyokwama nusu njia haitoki tena, unakata upya.

Ukipata soketi za kuteleza zenye pete ya mpira, chukua hizo, zinasamehe zaidi. Paka pete maji ya sabuni. Mafuta na grisi huuharibu mpira. Kama duka lina soketi za kawaida tu, kizuizi cha katikati kinaweza kuondolewa kwa tupa ya nusu mwezi, kazi ya dakika kumi, ilimradi usilile ukuta wa soketi.

Ukuta wa chemba

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, tena baada ya bomba lenyewe kuwekwa vizuri. Plastiki ni laini kama kioo, saruji haina pa kushika. Dawa yake ni rahisi na karibu haigharimu chochote. Sugua kwa msasa sehemu ya bomba itakayokaa ndani ya ukuta, ipake gundi ya PVC, na kabla haijakauka inyunyizie mchanga mkavu mkali, ukiuviringisha hadi ushike pande zote. Ikikauka una bomba lenye ngozi kama ya papa. Sasa saruji itaing'ang'ania.

Toboa ukuta uwe mkubwa kuliko bomba kwa sentimita tatu hadi nne kila upande, lowanisha matofali, kisha jaza saruji moja kwa mchanga mbili, ukiishindilia kwa kijiti kutoka ndani na nje mpaka ikutane. Upande wa juu wa bomba ndio unaoachwa wazi, kwa sababu mkono haufiki na saruji inashuka. Ubane kwa makusudi. Malizia kwa ripu na niru (uji wa saruji tupu) ndani ya chemba, na saruji ya sentimita tano kuzunguka bomba kwa nje. Iwekee maji siku tatu.

Chemba ikididimia kidogo, bomba lililoshikwa ukutani linakatika. Ndiyo sababu kiungo cha kwanza kutoka ukutani kinafaa kiwe cha pete ya mpira, karibu na ukuta, kikifuatwa na kipande kifupi cha sentimita 60 na kiungo kingine cha mpira. Kipande hicho kinacheza kama bawaba.

Ijaribu ikiwa wazi

Usifukie kwa matumaini. Gundi ikishapata saa kadhaa, ziba mdomo wa bomba kwenye chemba ya chini kwa plagi ya mpira ya kukaza kwa nati, au mfuko wa nailoni uliojazwa udongo wa mfinyanzi uliolowa na kubanwa kwa ubao. Jaza maji kutoka chemba ya juu hadi yapite juu ya bomba sentimita 10. Subiri saa moja, kwa kuwa kuta za chemba hunywa maji mwanzoni, kisha jazia na uchore alama. Baada ya nusu saa, maji yawe palepale. Yakishuka, pitisha mkono mkavu chini ya kila kiungo. Chini, kwa sababu tone hukusanyika huko.

Fukia kwa mchanga au udongo laini usio na mawe hadi sentimita 20 juu ya bomba, ukishindilia kwa miguu pembeni, si juu yake. Udongo uliobaki urudi kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa na kushindiliwa. Kazi hii inachosha na mafundi huiruka, lakini mtaro uliofukiwa ovyo ni njia laini ambayo mizizi itaifuata kwa urefu wake wote hadi ikute kiungo.

Mti je?

Kuukata si lazima, na mara nyingi hakusaidii kama watu wanavyodhani. Mwarobaini, mjohoro, mkaratusi na mfikusi vyote huchipua kisikini, na mizizi inabaki hai chini. Ukiamua kukata, paka dawa ya magugu yenye glaifoseti kwenye kisiki dakika zilezile za kukata, kwenye ukingo karibu na ganda, kisha ng'oa machipukizi yote kwa mwaka mzima. Mti ulio kando ya barabara si wako hata kama kivuli ni chako. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa.

Ukiutaka mti ubaki, weka kizuizi kati yake na bomba. Chimba mtaro mwembamba wa sentimita 60 hadi 90 kwenda chini, simamisha karatasi nzito ya plastiki ya kutandikia mabwawa, unene wa milimita moja au zaidi, na makutano yapishane nusu mita. Bati litaoza. Ukingo wa juu utokeze sentimita tatu juu ya ardhi, la sivyo mizizi itaruka kama mbuzi kwenye ua fupi. Kizuizi kipite mita mbili kila upande wa sehemu unayoilinda.

Pima kwanza unene wa shina kwa kimo cha kifua. Usikate mizizi mikubwa kwa umbali chini ya mara tano ya kipenyo hicho: shina la sentimita 40, mita mbili. Wala usikate pande mbili za mti kwa pamoja. Mti uliopoteza mizizi upande mmoja unaangukia upande wa pili siku ya upepo wa masika, na upande huo huenda ndiko paa lilipo. Ukilazimika kukata karibu zaidi, punguza matawi kwanza, au hamisha bomba. Kuhamisha bomba mita tatu mara nyingi ni nafuu kuliko watu wanavyofikiri.

Kwa wanaopanda sasa: mndimu, mstafeli au mpera upewe mita tatu kutoka kwenye njia ya bomba, mwembe na mwarobaini mita saba au nane, mfikusi, mkuyu na mkaratusi zaidi ya 10, na kwenye kiwanja kidogo usipande kabisa. Mnazi una mizizi isiyonenepa, haupanui kiungo kama kabari, ingawa ukikuta upenyo uliokwisha kuwapo utaingia kama mwingine yeyote. Mipapai na migomba inayopandwa juu ya shimo la kufyonza ili "inywe maji" haina madhara makubwa, ilimradi isipandwe juu ya bomba linaloleta maji hayo.

Kabla udongo haujafunika kila kitu, piga picha ya mtaro ukiwa wazi na futi ya kupimia ikiwa imelazwa ndani. Andika umbali wa bomba kutoka pembe mbili za nyumba, kina chake, na mahali soketi zilipo, ubandike karatasi hiyo ndani ya kabati la mita ya umeme. Rudia kipimo cha kioo na tochi miezi sita baadaye, halafu kila mwaka masika yakiisha.